Mama anafanyiwa oparesheni ya moyo, aanze mazoezi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 58, anabadilishiwa valvu (mlango wa kupitisha damu ndani ya moyo) pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mwezi ujao. Mimi nataka aanze jogging awe fiti, dada anasema alale tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote mmechemka kidogo! Jogging hapana kabisa, na kulala kutwa kunamaliza misuli. Muulizeni kwanza daktari wake, maana valvu ikibana sana hata ngazi ni hatari, akiruhusu basi atembee mdogomdogo sehemu tambarare huku anaweza kupiga stori, kifua kikibana au akihisi kizunguzungu asimame hapohapo na mpige simu hospitali.

Kingine, afanye mazoezi ya kuinuka kwenye kiti bila kushika popote: mikono ameikunja kifuani, anainama mbele, miguu inasukuma. Mfupa wa kifua utapasuliwa na kufungwa kwa waya, kwa hiyo wiki kadhaa hatakiwi kujisukuma kwa mikono. Avute pia pumzi ndefu, ashikilie sekunde 3, atoe, mapafu yazoee.

Na meno jamani, watu wanasahau! Bakteria wa jino bovu wanaingia kwenye damu wanaenda kukaa kwenye valvu mpya. Akang'oe mapema, ila kama anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiiache kienyeji, amwambie daktari wa meno.