Demo ya sebuleni: kwa bendi changa zenye nyimbo zao wenyewe

Bendi ikipiga kopi, yaani wimbo wa watu wengine, msikilizaji anawasaidia nusu ya kazi. Wimbo anaujua tangu utotoni, kwa hiyo hata mwimbaji akimezwa na besi, maneno anayajaza mwenyewe kichwani. Mkipiga wimbo mliotunga wenyewe, msaada huo haupo. Wanaoujua ni nyinyi tu, na mnaujua kupita kiasi: mmeurudia mazoezini hadi mnayasikia mashairi hata pale yasiposikika. Ndiyo maana demo nyingi za bendi changa, yaani rekodi za majaribio, huwapendeza wenye bendi na kuwaacha wengine hawajui waseme nini.

Nawaandikia wadogo zangu mlio na nyimbo zenu, simu na sebule ya mmoja wenu, lakini pesa ya studio bado. Ubora wa vifaa sijali sana katika hatua hii. Ninachojali ni kama mtu asiyewafahamu ataelewa mnaimba nini, na kama kiitikio kitabaki naye akishafunga simu.

Wala msione haya kurekodi wote kwa pamoja chumba kimoja. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 na Mlimani Park iliyoanza 1978 zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa mkupuo. Kilichozibeba ni mazoezi: kila mpigaji alijua zamu yake ya kusikika na zamu yake ya kumwachia mwenzake. Sikilizeni jinsi gitaa la solo linavyongoja mwimbaji amalize mstari ndipo lijibu. Mpangilio huo hauhitaji mashine yoyote, na kwenye rekodi ya simu una thamani kuliko maikrofoni ya bei mbaya.

Sasa twende chumbani. Sebule zetu nyingi zina kuta za saruji, sakafu ya vigae na pembe nne zilizo wazi, na hapo mwangwi ndio adui wa kwanza. Simamisheni godoro ukutani nyuma ya mwimbaji, funikeni vigae kwa mkeka na blanketi juu yake, vuteni mapazia. Kanga peke yake ni nyepesi, haitoshi. Zimeni pangaboi. Zimeni na friji, na anayeizima aweke funguo zake ndani ya friji hiyo, hataondoka bila kukumbuka kuiwasha. Wakati wa kurekodi uchagueni kwa kuujua mtaa wenu: baa inawasha spika saa ngapi, bodaboda zinatulia saa ngapi. Mvua ikianza juu ya mabati, pumzikeni, mnywe chai.

Simu iwekeni hali ya ndege, isije ikaingia katikati ya ubeti. Isilale mezani, maana meza inatetemeka na mtetemo wote unaingia kwenye maikrofoni. Ilalie kitambaa kilichokunjwa, mbali na kona, kwa sababu kwenye kona ndiko besi hurundikana. Halafu jueni tabia moja ya simu nyingi: programu ya kurekodi inapandisha na kushusha sauti yenyewe. Wimbo ukianza na gitaa la taratibu, inapandisha. Ngoma zikiingia, inashusha kila kitu, na mwimbaji anazama nazo. Tafuteni programu inayowaruhusu kuweka kiwango kwa mkono, kisha mpime kwa kupiga sehemu yenye kelele kuliko zote, siyo mwanzo wa wimbo.

Kwa kuwa maikrofoni ni moja, mikisa yenu, ile mashine ya kusawazisha sauti, ni miguu yenu. Mwimbaji awe karibu, kama hatua moja hivi. Gitaa la ridhim nyuma yake, solo pembeni, ngoma mwisho kabisa wa chumba. Mkisikiliza na kukuta solo limezidi, msiguse simu, msogezeni mpigaji. Mkiweza, wekeni drams kando kwa siku hiyo. Kayamba na tumba ya kupigwa kwa vidole vinabeba mwendo wa wimbo vizuri tu, na mwimbaji hatalazimika kupiga kelele. Mwimbaji anayepiga kelele anapoteza irabu, na irabu zikipotea, maneno ya Kiswahili hayashikiki tena.

Besi ina tatizo lake. Spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini, na wengi mtakaowatumia watasikiliza kwa spika hiyohiyo. Kwa hiyo punguzeni uzito wa chini kwenye amplifaya ya besi, ongezeni sauti za kati kidogo, ili mstari wa besi usikike hata pale ambapo uzito wake haufiki. Kabla ya kumtumia mtu yeyote, sikilizeni wenyewe kwa spika ya simu, mkiwa jikoni watu wanaosha vyombo. Humo ndimo wimbo wenu utakamosikilizwa.

Kabla ya kuhesabu moja, mbili, tatu, acheni rekodi ipite sekunde chache za kimya. Kimya hicho kina kazi: programu ya bure kama Audacity inaweza kuisoma kelele ya chumba kutoka hapo na kuipunguza kwenye wimbo mzima. Ipunguzeni kwa kiasi tu. Ukizidisha, sauti ya mtu inakuwa kama inatoka chini ya maji, na heri mvumo wa chumba kuliko hilo.

Kuhusu faili nitasema kwa ufupi. Rekodi ya WAV ya kawaida, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya stirio, inakula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika moja. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti 40, na bando la rafiki yako si mali yako. Ukiigeuza kuwa MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 320 kwa sekunde inashuka chini ya megabaiti 10, na masikio mengi hayataona tofauti. WAV itunzeni wenyewe, sehemu mbili tofauti. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti ili faili lifike lilivyo. Msiupige wimbo kwenye spika huku mmeshika kitufe cha ujumbe wa sauti; kile kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na gitaa lenu litafika limechakaa.

Sasa kutuma kwenyewe, na hapa ndipo ninapowasihi mnisikilize. Msianze kwa kuomba radhi. Mkiandika "samahani sauti siyo nzuri, hapa gitaa lilikosea, tutarudia studio", mmemtuma mtu akatafute makosa, na atayapata. Mstari mmoja unatosha: rekodi ya mazoezi, simu moja, sebuleni. Anajua asitegemee nini, na anaupa wimbo nafasi.

Tumeni wimbo mmoja, siyo minne. Uende kwa watu wachache mnaoweza kuwataja kwa majina, kabla ya kuutupa hadharani. Mmoja awe mpiga muziki, afadhali mkubwa wenu, kwa sababu atasikia mwendo ukikimbia na sauti za kuitikia zikipishana. Mwingine asijue hata kushika gitaa. Huyu wa pili ndiye ninayemwamini zaidi kwa wimbo mpya.

Na muwaulize swali linalojibika. "Umeuonaje?" huleta "uko poa", kwa sababu mtu anawapenda na hataki kuwavunja moyo. Muulizeni ubeti wa pili unazungumzia nini. Muulizeni alichoka wapi. Muombeni aimbe kiitikio siku inayofuata bila kusikiliza tena. Akikiimba vibaya kwa namna fulani, isikilizeni kwa makini namna hiyo. Mara nyingi ulimi wake umetafuta njia rahisi zaidi ya ile mliyoitunga, na njia hiyo inaweza kuwa ndiyo wimbo wenyewe.

Wakikwama watu kadhaa mahali pamoja, hapo parekebishwe, hata kama ndipo mtunzi anapopapenda. Kila mmoja akilalamikia jambo lake, acheni kwanza, mpige tena mazoezini. Na mkirekodi upya, mpeni mtu ambaye hajasikia toleo la kwanza, kwa sababu wale wa mwanzo wameshaanza kujaza wenyewe yasiyosikika.

Jambo la mwisho linapaswa kufanyika kabla faili halijatoka chumbani, kwa sababu likishatoka litasambazwa na hamtalirudisha. Kaeni mkubaliane nani ametunga nini. Kwenye bendi zetu mmoja huja na maneno na sauti ya kuyaimbia, wengine wanaongeza magitaa na kuipika sehemu ya chemko, pale wimbo unapochangamka, na wimbo ukipendwa kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa. Zungumzeni sasa, wakati hakuna pesa ya kugombania na mnapendana. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapoundwa, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia kwenye ushahidi, lakini sheria hiyo haijui mlikubaliana nini sebuleni. Andikeni kwenye karatasi jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, waliopanga muziki, na tarehe. Wote mtie saini, mpige picha, muiweke kwenye kundi la bendi siku hiyohiyo. Faili nalo lipewe jina kamili, la wimbo, la bendi na mwaka, badala ya ile mistari ya namba ambayo simu inajiandikia yenyewe.