Jibu: Zima sauti kwanza, ndugu yangu

Umesema mwalimu amewapa video ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, "Smells Like Teen Spirit" ya 1991, mweleze kamera inasema nini, na wewe unaona moshi na vijana wakirukaruka tu.

Zima sauti. Mimi huhariri video za harusi hapa River Road, Nairobi, na bila muziki ndipo jicho huamka. Itazame hivyo mara mbili, kalamu mkononi.

Utaona ukumbi wa michezo wa shule, rangi ya kahawia iliyochakaa, wasichana wa kushangilia wenye herufi A ndani ya duara kifuani, alama ya wanaokataa kutawaliwa. Wanafunzi wameketi, mwishoni wamejaa sakafuni, bendi imemezwa. Usiandike "kamera inatikisika" ukaishia hapo. Inatikisika lini? Mbele yake kuna nani?

Halafu yule mfanyakazi wa usafi anayecheza dansi. Wengi humruka. Kwangu ndiye ufunguo: ni mtu asiyetazamwa shuleni, lakini mwongozaji wa video, Samuel Bayer, amempa nafasi kwenye picha. Mwalimu anaweza kubisha, lakini ukitaja sekunde yenyewe atakosa pa kukushika.