Picha ya Tingatinga Imenata Gazeti

SWALI: Nilinunua picha ya Tingatinga (ule mtindo wa uchoraji wa Tanzania) ya turubai, nikaisokota na gazeti. Sasa gazeti limegandia kwenye rangi. Niitoe na petroli? – Msomaji, Sinza

JIBU: Petroli weka mbali kabisa, na tina (thinner, ya kuyeyushia rangi) pia, vitaondoka na rangi yenyewe. Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo hukauka juu mapema huku chini ikiwa bado laini. Ukiikunja na joto letu hili, lazima inate.

Lowesha gazeti kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika chache, kisha lisugue polepole kwa ncha ya kidole. Usilibandue likiwa kavu. Wino ukiacha kivuli, uache. Ukiung'ang'ania utatoa na mng'ao. Ilaze picha penye hewa, si juani, wiki mbili hivi.

Ukitaka kuiwamba kwenye fremu: pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili upande unaoikabili, halafu pande mbili zilizobaki. Ndipo usogee kwenye pembe. Mafundi wengine huanzia kwenye pembe, na hapo ndipo mikunjo inapozaliwa.

Safari nyingine isokote rangi ikiwa nje, juu ya bomba la inchi 4, na karatasi ya kuokea mikate.