Usihesabu mitungi uliyouza, hesabu inayorudi kujazwa

Vijana wengi hapa Malindi wanaotaka kufungua duka la gesi wananiuliza kwanza, eti kwa mwezi unauza mitungi mingapi? Jamani hilo sio swali. Mtungi mpya unauza mara moja tu, kinacholisha duka ni kujaza. Mi kwa daftari naandika jina, mtaa na tarehe aliyojaza, basi. Mama wa Maweni alokuwa akijaza kilo 6 kila mwezi ukiona sasa anakaa miezi miwili mitatu ujue amerudia makaa, na wewe huku unafurahia wateja wapya kumbe wa zamani wanakuhama kimya kimya.

Halafu usilinganishe Disemba na Mei. Disemba wageni wamejaa, mahoteli yanamaliza mitungi mikubwa mbio mbio, Mei ni mvua na mji umelala, kwa hivo Mei ipime na Mei ya mwaka jana. Na serikali pia uiangalie, VAT ya gesi iliwekwa asilimia 16 Julai 2021, ikashuka 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023, so mauzo yakipanda mwaka kama huo usijipige kifua sana.

Hata hao wakubwa, kampuni zinazochimba gesi asilia, wana shida hiyo hiyo. Kutoa gesi nyingi mwaka huu sio kukua kama hakuna mpya inayogunduliwa kujazia, hapo wanakula akiba tu. Baharini huku Lamu kisima cha Mbawa kilichimbwa 2012, gesi ikaonekana kweli, lakini haikutosha kufanyia biashara. Na siku hizi wanaulizwa pia inayovuja ni kiasi gani, manake gesi asilia kubwa yake ni methani, na methani ikipimwa kwa miaka 20 inapasha dunia joto kama mara 80 kushinda kabonidioksaidi.

Kuvuja hata dukani kupo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa hapo juu kwa chuma, weka kwa mizani mteja akiona, toa huo uzito, kama ni wa kilo 13 ibaki 13. Kisha paka povu la sabuni kwa valvu, likivimba vimba rudisha kwa alokuletea, usiuze.

Na mteja akichukua kwa deni usiandike mauzo, andika deni, mpaka pesa iingie kwa simu.