Barua ya Bernard Shaw: nianze kukagua wapi?

Swali: Nimeona mtandaoni barua iliyopigwa taipu mwaka 1931, yenye anwani ya 10 Adelphi Terrace, London, na saini ya mwandishi wa tamthilia Bernard Shaw. Muuzaji anataka nilipe upesi. Nitajuaje kama ni halisi, na nikiinunua niitunzeje? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ndugu msomaji, usilipe kwanza. Shaw alihama Adelphi Terrace mwaka 1927, akahamia Whitehall Court. Barua ya 1931 yenye anwani ya zamani, bila hata kukatwa kwa kalamu, ina kasoro kubwa. Ndiyo maana saini huachwa mwisho: waghushi huifanyia mazoezi mengi, lakini anwani na tarehe huwaponyoka.

Kisha soma maneno yenyewe. Shaw aliichukia ritifaa (alama ya ' kama katika *don't*), akaandika *dont*, *wont* na *cant*. Ukiikuta kila mahali inapotarajiwa, shuku. Kupigwa taipu si tatizo, kwa kuwa tangu 1920 katibu wake, Blanche Patch, alichapa yale ambayo Shaw aliyaandika kwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi za haraka.

Mwombe muuzaji picha kali za mbele, za nyuma, za karatasi ikiwa imeinuliwa mbele ya mwanga, na za bahasha kama ipo. Picha moja ya nyuma ipigwe kwa mwanga wa pembeni: herufi za taipu, hasa nukta, hubonyeza karatasi, ilhali printa haiachi alama hiyo. Barua ikifika mkononi, itazame saini kwa lenzi inayokuza mara 10. Wino wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi, ukakolea mahali na kufifia kwingine. Saini iliyochapwa huonyesha vidoti au rangi ya kiwango kimoja. Anayenakili saini husitasita kwenye mikunjo, na mstari hutetemeka. Kwa barua ya mwaka huo, wino wa bolpeni unamaliza mjadala, maana bolpeni ziliingia madukani Uingereza mwishoni mwa 1945.

Taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 365, ndani ya chumba chenye giza, inasaidia pia. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina kemikali ya kung'arisha iliyoenea viwandani kuanzia miaka ya 1950. Isipowaka, usishangilie: waghushi huchana kurasa tupu kutoka vitabu vya zamani.

Muhimu kuliko vyote ni historia ya umiliki. Barua iliandikiwa nani, na ilipitia mikono ya nani? Itafute katika mabuku manne ya barua zake yaliyohaririwa na Dan H. Laurence. Ukikuta asili yake iko maktaba, uliyoonyeshwa ni nakala, au imeibwa.

Kuhusu utunzaji, usiilemineti wala kuibandika selotepu. Gundi hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Iweke kwenye mfuko wa poliesta, kamwe usiwe wa plastiki ya PVC, ndani ya jalada lisilo na asidi, mbali na ukuta wa nje. Unyevu wa pwani ukizidi asilimia 65, kuvu huota, kwa hiyo weka kipima unyevu na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, ukivikausha mara kwa mara.

Tahadhari nyingine: kununua karatasi hakukupi haki ya kuchapisha maneno yake. Kwa sheria ya Uingereza, barua zake ambazo hazijawahi kuchapishwa zinalindwa hadi mwisho wa 2039.