Mashine ya moshi inanguruma bila kutoa moshi

SWALI: Ninakodisha vyombo vya muziki na taa kwenye kumbi za harusi. Mashine yangu ya moshi ya wati 1000 inapata moto kama kawaida na taa ya kijani inawaka, lakini nikibonyeza rimoti inanguruma tu. Juzi maharusi walipokuwa wanaingia, ulitoka mvuke kidogo ukakatika. Fundi anasema bodi imekufa, ninunue nyingine. Je, nimsikilize?
Msomaji, Kisasa, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, bodi usiinunue kwanza. Taa ya kijani ina maana kwamba hita imefikia joto linalotakiwa, na mngurumo unaousikia ni wa pampu, kwa hiyo bodi imepokea amri ya rimoti na kupeleka umeme unakohitajika. Hitilafu ya namna hii kwa kawaida iko kwenye njia ya kimiminika.

Chomoa waya ukutani na uiache mashine ipoe kabisa, kwani hita yake hupita nyuzi joto 200 za Selsiasi. Mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye hita uchomolewe na kuelekezwa kwenye kikombe. Kwa kuwa mashine nyingi haziruhusu pampu kufanya kazi kabla hita haijapata moto, jaribio lenyewe alifanye fundi aliyezoea umeme wa volti 230. Kimiminika kikiruka kikombeni kwa mapigo ya haraka, pampu ni nzima na kilichoziba ni kijibomba cha ndani ya hita. Kisipotoka, kagua kichujio kilicho ndani ya tangi kabla ya kuilaumu pampu.

Ninashuku maji. Kimiminika cha moshi ni glikoli iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, lakini wapo wanaokiongezea maji ya bomba ili kiende mbali, na maji yetu ya visima hapa Dodoma yana chumvichumvi: tazama tu ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika lako. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya kijibomba chembamba. Ikiwa njia bado inapitisha kidogo, kama yako, changanya siki nyeupe sehemu 1 na maji yaliyokenekwa sehemu 4 (yale ya kuongezea betri ya gari, si asidi), upitishe mchanganyiko huo mashine ikiwa nje, kisha usuuze kwa maji yaliyokenekwa matupu. Ikiwa imeziba kabisa, badilisha hita.

Umeme ungeushuku kama mashine ingekuwa baridi kabisa. Hapo hita ya wati 1000, ikipimwa kwa mita waya ukiwa umechomolewa, husoma takribani omu 53. Ikisoma hivyo na bado haipati moto, ikaguliwe fyuzi ya joto, ile inayokata umeme hita ikizidi joto. Fundi akitaka kuiruka fyuzi hiyo kwa kipande cha waya, mkatalie, kwa sababu thamostati (swichi inayodhibiti joto la hita) ikiganda hakuna kingine cha kuizuia hita isiwashe moto ukumbini. Aweke fyuzi yenye nyuzi joto na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na aipime thamostati kabla ya kufunga boksi.