Malengelenge Yalianzia Kitovuni

Usiku wa kwanza nilidhani ni mbu. Mimba ilikuwa ya pili, wiki ya 28, na muwasho ulikuwa umekizunguka kitovu tu, duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Nikapaka mafuta ya nazi nikalala. Usiku wa nne mume wangu aliniamsha, nimeshika kitana cha mtoto mkononi, najikuna nacho usingizini hadi damu imeingia kwenye shuka.

Mama mkwe akachemsha mwarobaini. "Oga haya asubuhi na jioni, mwanangu, ngozi inavutika hiyo." Kliniki nako nikaambiwa hivyohivyo, kwamba tumbo likikua lazima liwashe. Siwalaumu, kwa wajawazito wengi ndivyo ilivyo. Lakini ngozi inayovutika tu haitoi mabaka mekundu yaliyovimba kama umepita kwenye upupu, na haitoi malengelenge. Yangu yalitoka wiki ya 30: makubwa kama zabibu, yamekaza, maji yake angavu, huyapasui kwa kuyagusa. Tumbo, mapaja, mikono hadi kwenye viganja. Uso na mdomo havikuguswa, na hilo nalo baadaye likawa na maana yake.

Jina la kwanza nililopewa lilikuwa mkanda wa jeshi. Anayeishi huku kwetu anajua jina hilo linabeba nini. Nilikuwa nimepimwa virusi vya UKIMWI mwanzo wa mimba, majibu yako kwenye kadi, nikapimwa tena, na bado wifi yangu akaanza kunitengea kikombe. Laiti ningejua siku ile ninachokijua leo: mkanda wa jeshi hufuata njia ya mshipa wa fahamu, kwa kawaida upande mmoja wa mwili, na huchoma kuliko kuwasha. Mimi nilikuwa na malengelenge kulia na kushoto, na nilikuwa nawashwa kiasi cha kulia.

Jina la pili lilitoka hospitali moja ya kulipia. Daktari kijana, mpole, alitafuta kwenye simu yake, akakutana na jina la zamani la ugonjwa wenyewe, lenye neno herpesi ndani yake, jina la virusi vya malengelenge, akaniandikia asaiklovia, dawa ya virusi hivyo. Alikuwa ameukaribia ukweli kuliko wote na bado akakosea dawa. Jina hilo lilitolewa mwaka 1872 na daktari Mwingereza aliyeitwa Milton, kabla hata virusi havijajulikana, kwa sababu ya namna malengelenge yanavyokaa kwa vikundi. Ugonjwa wenyewe hauna uhusiano na kirusi chochote. Hauambukizi. Kikombe nilitengewa bure.

Siku hizi unaitwa pemfigoidi ya ujauzito, na ni nadra. Vitabu hutaja mimba moja kati ya 20,000 hadi 60,000, kwa hiyo mkunga anaweza kustaafu bila kuuona.

Nilioneshwa njia na muuguzi mmoja mstaafu, jirani yetu hapa Tanga: "Nenda Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha ngozi pale." Kituo hicho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Tukapanda basi alfajiri, Muheza, Korogwe, Mombo, Same, nimevaa dera pana mno, kwa sababu kitambaa kikigusa ngozi nilikuwa nauma meno. Daktari, mama wa makamo, hakuanza na kadi yangu. Aliuliza: "Kilianzia wapi?" Nikasema kitovuni. Akanyamaza kidogo, kisha akawaita wanafunzi wake wawili waje waone.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo. Ukiwa mjamzito na ngozi inakusumbua, mwambie daktari palipoanzia kabla hujamwambia panapouma sasa. Kuna muwasho wa mimba unaoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiruka kitovu. Huo unakera lakini haumdhuru mtoto. Kuna unaowasha viganja na nyayo, zaidi usiku, bila kipele chochote isipokuwa alama za kucha zako; huo unaweza kuwa unatoka kwenye ini, na ni hatari kwa mtoto, usingoje siku ya kliniki. Kuna upele wa kawaida wa kuambukizana, ambao nyumba nzima mnajikuna. Na kuna wangu.

Walinikata vinyama viwili, kila kimoja mfano wa punje ya mahindi, kwa ganzi. Kimoja kwenye lengelenge, kingine kwenye ngozi iliyo pembeni yake, na hicho cha pembeni hakikutiwa kwenye formalini, maji ya kuhifadhia vinyama, kama mwenzake, kilikuwa na chupa yake. Uliza kuhusu chupa hiyo. Kipimo kinachothibitisha ugonjwa huu hutafuta mstari unaong'aa chini ya darubini, pale ngozi ya juu inapokutana na ya chini, na nyama iliyokaa kwenye formalini haiwezi kuuonesha.

Daktari alinieleza hivi. Kuna protini inayofanya kazi kama gundi, inaishikilia ngozi ya juu isiachane na ya chini. Protini hiyohiyo iko pia kwenye kondo la nyuma. Kwa sababu ambayo haijulikani vizuri, kinga ya mwili wa mama huiona ile ya kwenye kondo kama mgeni, ikatengeneza kingamwili za kuishambulia. Zikishaingia kwenye damu hazichagui, zinaikuta gundi ya ngozini nayo zinaishambulia. Ngozi inaachia, maji yanajaa katikati, ndiyo malengelenge. Nilimuuliza kama ni kitu nilichokula, maana nilikuwa mlaji wa udongo. Akacheka. "Udongo uache kwa sababu nyingine, siyo hii."

Dawa ilikuwa prednisoloni, steroidi ya kumeza, miligramu 30 asubuhi baada ya kula, mafuta ya steroidi makali ya kupaka, na kidonge cha mzio cha usiku ili nilale. Niliogopa. Kila mtu anajua habari za dawa hizi kuvimbisha uso. Ila nililoogopa zaidi ni mtoto, na jibu lake nalitaka kila mama alijue: kondo lina kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa ya prednisoloni kabla haijamfikia mtoto. Deksamethasoni, steroidi nyingine, haivunjwi hivyo, inapita. Ndiyo maana hospitali huwachoma deksa wajawazito wanaotarajiwa kujifungua kabla ya wakati, ili imfikie mtoto na kukomaza mapafu yake. Sasa nenda duka la dawa lolote mtaani useme unawashwa, uone watakupa nini. Nilishameza deksa siku sita kabla ya Moshi, na nilipona kweli, kwa siku hizo sita. Kupona kwa namna hiyo ndiko kulikonichelewesha.

(Na kwa wale wenye kopo la kujichubua kabatini: baadhi ya krimu hizo zina klobetasoli, dawa ileile ya kupaka niliyoandikiwa mimi kwa kipimo na kwa tarehe ya kuacha. Mwambie daktari kama ulikuwa unaitumia. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, vumilia.)

Ukiwa kwenye prednisoloni, dai kupimwa presha na sukari kila unapokwenda kliniki. Usiache ghafla hata ngozi ikitulia, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi ya kwake. Na hakikisha imeandikwa kwenye kadi kwa herufi zinazosomeka, maana watakaokuzalisha wanapaswa kujua, na atakayempokea mtoto pia. Mimi nilipewa barua. Niliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi, nikalala nao chini ya mto kuanzia wiki ya 35.

Ugonjwa huu unahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa wadogo, hasa ukianza mapema au ukiwa na malengelenge mengi. Kwa hiyo nilipimwa ukuaji wa mtoto kwa utrasaundi mara kwa mara, na nilihesabu kucheza kwake. Uchungu ulikuja wiki ya 37. Kilo 2.4, wa kiume, analia vizuri.

Alikuwa na malengelenge matano. Mawili pajani, mengine mgongoni, madogo kama mbegu za papai. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa akina mama wenye ugonjwa huu huzaliwa nayo, kwa kuwa kingamwili za mama zimevuka kumfuata. Muuguzi wa zamu alishtuka, akataka kumtenga akidhani ni maambukizi, na alikuwa na haki ya kushtuka: malengelenge kwa kichanga yanaweza kuwa bakteria, yanaweza kuwa kaswende, yanaweza kuwa herpesi ya kweli. Barua ilimtuliza lakini haikumzuia kumwita daktari wa watoto, na ndivyo inavyotakiwa. Hata kama wewe una jina la ugonjwa wako, mtoto achunguzwe kivyake. Akipata homa, akilegea au akikataa ziwa, usijiambie ni yaleyale ya mama.

Wangu hakupewa dawa. Tuliyaacha bila kuyapasua, tukamwogesha kwa maji safi ya vuguvugu bila kumsugua, bila mwarobaini, bila poda. Hapo nilitofautiana na mama mkwe kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu. Wiki ya pili yalikuwa yamekauka, leo huwezi kuona yalipokuwa. Kingamwili za kuazima huisha, mwili wa mtoto hauzitengenezi.

Za kwangu hazikuisha. Hili sikuambiwa mapema, au niliambiwa sikusikia: siku ya pili baada ya kujifungua ngozi ililipuka upya, mbaya kuliko mwanzo. Karibu robo tatu ya wagonjwa hupatwa na hilo. Ningekuwa nimejiandaa nisingelia vile wodini mbele ya wageni. Kipimo cha dawa kilipandishwa, kisha kikashushwa polepole, nikameza kidonge cha mwisho mtoto ana miezi minne. Nilinyonyesha muda wote. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Mafuta makali tu ndiyo sikuyapaka karibu na chuchu.

Hedhi iliporudi, muwasho ulirudi nao siku mbili kwenye kitovu, kisha ukaondoka. Vidonge vya majira vinaweza kuuamsha vilevile, kwa hiyo kabla hujapewa paketi kliniki ya uzazi wa mpango, taja ugonjwa huu. Nesi wangu hakuwahi kuusikia. Tulisoma ile barua pamoja, nikaishia kuwekewa kitanzi cha shaba.

Mimba zinazofuata mara nyingi huurudisha, tena mapema zaidi, ingawa wapo wachache wanaorukwa. Mtoto sasa ana miaka miwili, na mume wangu ameanza kuzungumzia mdogo wake. Nimemwambia aanze kuweka akiba ya nauli ya Moshi, ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara nne.